Mwatum Alivyowanyamazisha Watu wa Nyota

Mwatum binti Kificho alizaliwa Pujini, kisiwani Pemba, akaolewa Wawi, na katika maisha yake yote hakuweza kumvumilia mtu anayesema asilolijua. Tabia hiyo ilimpa kazi isiyokwisha, kwa kuwa aliolewa na Soud bin Bakar.

Soud alikuwa fundi saa. Kila asubuhi alikwenda Chake Chake, akakaa na kimeza chake kwenye baraza ya duka la Jivraj, kioo kimebanwa jichoni, akifungua saa za makarani na walimu. Kazi aliijua, hilo hata mkewe hakulikanusha. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: akishika saa ya karani alijiona karani, na akishika saa ya daktari alirudi nyumbani anatibu watu. Mwaka wa hamsini na saba, Warusi waliporusha ule mpira wao wa chuma ukaizunguka dunia, Soud aliueleza mtaa mzima namna ulivyoundwa, utadhani waliupitisha kwake kwanza aukague.

"Ndani mna springi," alisema.

"Kama ya saa?" Mwatum aliuliza. Alikuwa anasuka ukili, na hakuinua macho.

"Kubwa zaidi."

"Na huko juu anaitia ufunguo nani, Baba Moza?"

Wanaume waliokuwa barazani walicheka. Soud alisema wanawake hawana kichwa cha mambo haya, akaingia ndani. Huyo Moza, ambaye kwa jina lake wazazi hawa waliitana, alikuwa binti yao wa pekee, naye alikwishaolewa kisiwa cha jirani cha Makoongwe.

Mwatum hakusoma. Baba yake aliwapeleka skuli wanawe wawili wa kiume, ambao wote walitoroka wakaenda kuvua, na binti aliyelia siku tatu akitaka kwenda akapewa miyaa, majani ya mkindu, asuke. Basi akasuka. Mikeka yake ilijulikana hadi Wete kwa mapambo yake, na mapambo ya mkeka ni hesabu: jani jekundu mara tatu, jeupe mara mbili, jeusi mara moja, pindua, rudi ulikotoka. Ukikosea jani moja asubuhi, jioni ua zima limekwenda upogo. Mwatum hakukosea. Aliweza kusuka huku anazungumza nawe, na huku anausikiliza mchi wa jirani anayetwanga, akakwambia, "Mwanaasha leo kagombana na mumewe, sikia anavyouangusha." Ikawa kweli. Sisi majirani tuliona hayo ni umbea tu. Hakuna aliyefikiri kuyaita akili.

Kitu kimoja tulimwamini nacho, nacho ni sufuria la mtaa. Lilikuwa la shaba, zito la kubebwa na wanaume wanne, linapika pilau ya watu mia, na kwa miaka kumi na moja lilikaa ukumbini kwake. Aliyelichukua alilirudisha limesuguliwa; asipolisugua, Mwatum alimfuata mpaka mlangoni kwake.

Mwaka wa sitini, mvua za masika zilipokwisha, Soud alipata redio. Ilikuwa ya betri, kubwa kama kasha la nguo. Mwenye redio aliileta itengenezwe, akahamia Tanga asiirudie. Soud aliifungua, akaifunga, ikasema. Na haikumaliza wiki nyumbani kabla ya kumpa habari iliyomharibu.

Msomaji wa habari alisema kwamba huko Amerika wataalamu wameelekeza bakuli kubwa la chuma kwenye nyota mbili, wasikilize kama huko wapo viumbe wenye akili wanaopelekeana salamu kwa mawimbi ya redio. Wamesikiliza kwa muda, na mpaka sasa hawajasikia kitu.

Soud alisimama. "Hawasikii kwa sababu wako mbali," alisema.

"Mbali na nini?" Mwatum aliuliza.

"Na nyota. Sie huku tumekaribia."

"Tumezikaribia kwa njia gani?"

"Mama Moza, hutafahamu."

Siku ya pili akaja Mwalimu Ahmada. Huyu alikuwa anasomesha hesabu katika skuli moja ya upande ule, mtu mwembamba, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, na kitabu kimoja kwapani ambacho kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekiona kimefunguliwa. Alisema Kiswahili cha darasani hata akinunua samaki. Wawili hawa walikaa mchana kutwa wakinong'onezana, na Mwatum alipoleta kahawa walinyamaza, kama wezi.

Wiki hiyo Mwatum alifiwa na shangazi yake. Akaenda Pujini kwenye matanga, akakaa siku tatu. Aliporudi alikuta uani kwake pamesimamishwa boriti nne za mikoko, ndefu kuliko paa la nyumba, na juu ya boriti, limeinamishwa upande kama kofia ya mlevi, sufuria la mtaa. Waya wa shaba ulitoka katikati ya kitako chake ukaingia dirishani.

Mwatum aliuangalia ule waya. "Umepitaje hapo?"

"Tumetoboa," alisema Soud. "Tundu dogo."

"Mmelitoboa sufuria."

"Bi Mwatum," Mwalimu Ahmada aliingilia, "kifaa hiki sasa ni kipokezi. Umbo lake la duara linakusanya mawimbi na kuyaelekeza katika sehemu moja. Wamarekani wanalo la namna hii hii, isipokuwa ni kubwa."

"La kwao nalo ni la pilau?"

"Sikufahamu swali lako."

"Najua hukufahamu. Jumamosi ijayo Bi Mwanabaraka anaoza binti yake. Wageni mia. Nimpe nini, waya?"

Jumamosi ile pilau ya Bi Mwanabaraka ilipikwa kwenye masufuria saba ya kuazima. Matatu yaliungua, mawili yakatoka mbichi, na wageni wa bwana harusi walirudi Mkoani wakitusema. Na alaumiwe nani? Si mafundi wawili waliokaa uani kusikiliza mbingu. Alilaumiwa aliyekabidhiwa sufuria. Wanawake wa mtaa, waliokuwa wakimwogopa kwa miaka kumi na moja, walipata nafasi yao na hawakuipoteza.

Soud aliacha kwenda mjini. Saa za watu zilibaki zimefunguliwa barazani kwa Jivraj, nyingine bila mikono, naye akakaa na redio tangu saa mbili za asubuhi. Aliyemwuliza kwa nini anasikiliza nyota mchana alijibiwa kwa huruma kwamba nyota hazendi popote, zipo palepale, ni jua tu linalozifunika. Hilo, kwa bahati, lilikuwa kweli, na ndilo neno pekee la kweli alilolisema msimu ule.

Kwa siku tisa redio ilitoa sauti ya mafuta yanayokaanga. Siku ya kumi, Soud alipousogeza kidogo mshale wa redio, katikati ya kukaanga huko ikaanza kugonga. Tu-tu-tu. Kimya. Tu-tu-tu-tu-tu. Kimya. Tu-tu-tu.

Soud alipiga ukelele uliowatoa watu mashambani.

Sasa hapa sina budi kusema habari yetu sisi wengine, maana ni rahisi kumcheka Soud peke yake. Mtaa mzima ulijaa uani kwa Mwatum. Watu ambao hawakupata kumsikiliza mtoto wao akisema neno hata moja walikaa kitako toka asubuhi mpaka alasiri kusikiliza tu-tu-tu. Mwaka ule siasa ilikuwa imeshatugawa. Walikuwapo ndugu wa tumbo moja ambao hawasalimiani, na mazishi yaliyosusiwa na nusu ya kijiji. Uani hapo pia tulikaa makundi mawili. Haikupita siku nne wa chama hiki wakasema watu wa nyota ni wenzao, kwani wamegonga mara tatu, na wa chama kile wakasema tatu si kitu, sikilizeni tano. Karibu wapigane. Watu hao wa nyota, kama wapo, walikuwa hawajatambua kuwa Pemba ipo, na tayari tulikwishawaandikisha.

Mwalimu Ahmada alikuwa na daftari. Aliandika idadi ya mapigo: tatu, tano, tatu, saba. Mwisho wa wiki alitangaza amefasiri. "Tatu ni sayari yetu, ambayo ni ya tatu kutoka katika jua. Kwa hiyo wanatuita. Tano ni Waislamu, kwa sala zetu. Saba bado ninaichunguza."

Shehe Shaame, imamu wetu, aliletwa naye asikie. Alikuwa mtu mpole, mwenye haya. Alisikiliza kitambo, mikono magotini.

"Mola ni Mola wa viumbe vyote," alisema. "Kama kawaumba na huko, kawaumba. Miye sikutumwa kuwatafuta. Lakini Soud, hawa wanaogonga, wanataka nini?"

"Bado hawajasema, Shehe."

"Basi wakisema, niite." Akavaa viatu vyake akaenda zake. Ndiye mtu mmoja aliyeondoka pale na heshima yake.

Muda wote huo Mwatum alikuwa kibarazani kwake anasuka, na yale mapigo yanamwingia masikioni apende asipende. Ijumaa ilipofika, wanaume wote wakaenda msikitini, redio ikaachwa wazi. Waliporudi aliwaambia, "Wenzenu wamenyamaza tangu saa sita. Wamerudi sasa hivi, kabla yenu kidogo. Labda nao wamekwenda Ijumaa."

Alilisema kwa dharau. Alitaka Soud ashituke, ajiulize ni nyota gani hiyo inayofunga kazi kwa adhana ya Wawi. Soud alishituka kweli. Macho yalimtoka, akamshika Mwalimu Ahmada bega.

"Wanaswali!"

"Subhanallah," alisema Mwalimu, akafungua daftari. "Nilisema mimi. Tano!"

Mwatum aliweka ukili chini. "Nyie," alisema, "mmesikia nilivyosema?"

Hawakumsikia. Walikuwa wanakumbatiana. Ijumaa ya pili wakambakisha mtu wa kusikiliza, na nyota zikanyamaza saa sita na kurudi saa nane, na basi tena. Habari ikafika Chake, ikafika Mkoani, kwamba kuna Waislamu mbinguni na Soud bin Bakar amewapata. Tulikuja kusikia kwamba huko Mkoani watu wawili waligombana juu ya kibla cha nyota kiko upande gani.

Jumatatu iliyofuata Mwatum alitia makopa kapuni akaenda kusaga. Makopa ni muhogo uliokaushwa, na ukiyataka unga unateremka bondeni nyuma ya kilima, kwenye mashine ya Ramji. Ilikuwa mashine kuukuu ya petroli, inaendeshwa na Jaribu, mtu wa Wawi. Kilima kiliuzuia mlio wake. Ukiwa kwa Soud huusikii hata kidogo.

Mwatum alikuwa hajafika mlangoni aliposimama, kapu kichwani. Mashine ilikuwa haina kitu kinywani, inajizungukia tu. Ilikohoa mara tatu ikavuta pumzi. Ikakohoa mara tano. Ikavuta pumzi. Ikakohoa mara tatu.

Aliujua mdundo ule kama anavyoujua mchi wa Mwanaasha.

Jaribu alimpokea kapu, akamwaga makopa, na mashine ilipoanza kusaga pumzi zile zikapotea, ikawa inakohoa mfululizo. Mwatum alikumbuka kwamba kila asubuhi, baina ya saa tatu na saa tano, watu wa nyota husema kwa haraka mno hata Mwalimu hawahi kuandika. Ni saa ambazo wanawake wanaleta makopa; na kilima kinachozuia mlio hakizuii cheche za mashine ya petroli, ambazo, kama tulivyokuja kuelezwa baadaye, redio huzinasa ikagonga.

"Jaribu," aliuliza, "Ijumaa unazima saa ngapi?"

"Adhana ikilia tu. Nikishatoka msikitini nawasha."

Mtu mwingine angepanda kilima mbio akapiga kelele. Mwatum alirudi taratibu, kwa sababu alijua kudhani ni kitu kimoja na kujua ni kitu kingine, na hayo mume wake alikuwa hajamfundisha. Kesho yake alimwita Mwanaasha, akampa jani la mwaa. "Kaa uani uchambue mchele. Ukisikia kimya kirefu kwenye redio, funga fundo kubwa. Kifupi, fundo dogo. Usiseme na mtu."

Akateremka kwa Ramji. Ramji mwenyewe alikuwapo, amekaa kwenye gunia, miwani imemteleza puani. Mwatum alimweleza jambo zima bila kuficha, kwani hakuwa na njia nyingine ya kumtaka mtu azime mashine yake mara tatu bila sababu.

Ramji alimsikiliza mpaka mwisho. "Bi Mwatum," alisema, "mashine yangu inaongea na nyota?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi iambie inywe petroli ya huko huko." Akacheka mpaka akavua miwani. "Zima, Jaribu. Zima kama anavyotaka mama."

Walizima kwa muda mrefu, wakawasha. Wakazima kwa muda mfupi, wakawasha. Wakazima tena kwa muda mrefu. Mwatum alipofika nyumbani Mwanaasha alimpa jani: fundo kubwa, fundo dogo, fundo kubwa. Kando ya redio Mwalimu Ahmada alikuwa ametokwa na jasho, anaandika. "Leo wamebadilisha lugha!" alimwambia Soud. "Hizi ni sentensi!"

Mwatum hakumwaibisha mumewe mbele ya watu. Hili nataka lieleweke, kwa sababu baadaye tulisema kinyume chake. Alingoja wageni waondoke, akampakulia chakula, akamwonesha lile jani na kumweleza moja baada ya moja. Soud aliligeuza jani kidoleni.

"Unanionea wivu," alisema.

"Nikuonee wivu wa mashine ya Ramji?"

"Nimekaa miaka ishirini natengeneza saa za watu, hakuna aliyenijua. Sasa Mwalimu kaandika Unguja, Alhamisi anakuja mtu wa gazeti, na mke wangu ananiletea majani."

"Mwite Jaribu umwulize."

"Sitamwita."

"Basi teremka wewe mwenyewe kwa miguu yako, si mbali kama nyota."

Hakuteremka. Mtu aliyekuwa akisikiliza mbingu kwa masikio mawili hakutaka kuvuka kilima kimoja.

Alhamisi mtu wa gazeti alikuja, suruali nyeupe, kamera shingoni. Tulikuwa tumefurika mpaka juu ya ukuta. Soud alivaa koti. Mwalimu Ahmada alitoa hotuba ndefu kuhusu sayari ya tatu na sala tano, na kwamba saba sasa ameifahamu: ni mbingu saba. Watu wakasema mashallah. Kisha Soud akaongeza sauti ya redio, na ile tu-tu-tu ikajaa uani.

Mwatum alisimama katikati ya wanaume, kanga moja mkononi. "Bwana mgeni," alisema, "hawa watu wa nyota ukitaka nitawanyamazisha."

Alikuwa amekwishapanga na Mwanaasha, aliyesimama juu ya kilima ambako anaona huku kwetu na kule bondeni. Mwatum alipunga kanga. Mwanaasha akapunga yake. Jaribu akazima.

Redio ikanyamaza.

Mwatum akapunga tena, na watu wa nyota wakaanza kugonga. Akapunga, wakanyamaza. Mara tatu alifanya hivyo, kisha akatugeukia, akatazama nyuso zetu moja moja, akingoja. Alituamini. Alifikiri tukishaona tutafahamu.

Bibi mmoja nyuma akapiga kigelegele. "Anawaamrisha!" alipaza sauti. "Bi Mwatum anawaamrisha watu wa nyota!"

Pakawa na vurugu. Wengine walipiga takbiri, wengine walikimbia, wengine walijitupa miguuni pa Mwatum wakishika pindo la kanga. Mtu wa gazeti alipiga picha mpaka taa yake ikazima.

"Mashine!" Mwatum alipiga kelele. "Mashine ya Ramji! Enyi watu msio na masikio, ni mashine ya makopa!"

Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusikia. Mwishowe Jaribu alipanda kilima mwenyewe, uso mweupe kwa unga, akasukuma watu mpaka mbele.

"Bi Mwatum," aliuliza, "nizime tena au tumekwisha? Watu wana makopa yao wanangoja."

Hapo uani palitulia. Tulimwangalia Jaribu na unga wake, tukamwangalia Mwalimu na daftari lake, na kila mmoja wetu akafahamu. Unadhani tulifanya nini? Tulimgeukia Mwatum. "Mwanamke gani huyu," alisema mzee mmoja, "anayemfedhehesha mumewe mbele ya mgeni?" Wote tukaitikia, maana tulikuwa na haja ya mtu wa kumkasirikia, na yeye alikuwa karibu. Tukatawanyika tukimsema njia nzima. Soud alivua koti, akalikunja vizuri, akaingia ndani.

Gazeti lilitoka baada ya wiki mbili. Mwalimu Ahmada alilisoma barazani kwa sauti, bila haya hata kidogo. Kichwa cha habari kilisema mwanamke wa Pemba azungumza na nyota. Jina la Mwatum liliandikwa Fatuma, na mtaalamu Bwana Ahmada alisifiwa kwa mistari sita.

"Mashine ya Ramji imetajwa?" Mwatum aliuliza kutoka mlangoni.

"Haikutajwa."

"Kilima?"

"La."

"Nipe hilo gazeti." Akaenda nalo jikoni akafungia dagaa.

Kuanzia hapo wanawake walianza kumjia. Mmoja alitaka ampelekee salamu mwanawe aliyepotea baharini. Mwingine alitaka nyota zimrudishe mume. Waliotoka mbali walileta ubani. Mwatum aliwafukuza kwa ufagio, na kila alivyowafukuza ndivyo walivyozidi kuamini. Tulisema wenye siri kubwa ndivyo walivyo, wakali. Mwanaasha, aliyefunga yale mafundo kwa mikono yake mwenyewe, alimjia siku moja kwa unyenyekevu, akamwuliza kama hawezi walau kuuliza mvua za vuli zitaanza lini.

"Hata weye?" alisema Mwatum. Hakumsemesha mpaka baada ya mfungo.

Soud ndiye aliyetushangaza. Alasiri moja alikuja akakaa karibu na mkewe anaposuka.

"Ulijuaje?" aliuliza. "Kabla ya yale mafundo."

"Nilisikia. Tatu, pumzi, tano, pumzi. Kama ua la mkeka."

"Mie nasikiliza saa kila siku."

"Ndiyo. Nisikilizishe, basi."

Akatoa saa mfukoni, akamwekea sikioni. Mwatum aliisikiliza kitambo huku vidole vyake vinaendelea na ukili. "Hino inachechemea," alisema. "Kila baada ya nne, moja inakawia." Soud akaifungua. Lilikuwapo jino moja la gurudumu lililopinda, dogo kuliko chembe ya mchanga, ambalo yeye na kioo chake walilipita mara mbili.

Kesho yake aliliteremsha sufuria, akakata kipande cha shaba, akaliziba lile tundu kwa siku nne nzima, akilisugua na kuliangalia kwa kioo cha jichoni. Halikuvuja. Akaliweka ukumbini pake, akarudi mjini kwenye saa zake. Tangu hapo, saa iliyomshinda aliileta nyumbani jioni ndani ya leso, wala hakumwambia mtu kwa nini. Makarani wa Chake walimsifu kwamba amekua fundi. Naye alizipokea sifa zote, peke yake. Huo ugonjwa haukumtoka.

Mwaka uliofuata Moza alijifungua, na Mwatum akaenda kumlea. Katika mashua ya kuvukia Makoongwe alikaa na mama mmoja mwenye mikungu ya ndizi, aliyemkazia macho tangu walipoondoka Mkoani.

"Samahani, mwenzangu. Si weye yule Bi Mwatum wa Wawi, anayesema na nyota?"

"Siye," alisema Mwatum. "Yule alikufa."

"Inna lillahi! Alikufa na nini?"

"Alichoka."

Yule mama alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema nyota zimempoteza mtu mkubwa. Mwatum akamwomba asogeze ndizi zake, zilikuwa zinamchoma mbavuni.